Hawakuiacha Asili

Haya ni maneno niliyowaambia wazee, wazazi na vijana waliokusanyika Kisauni, Mombasa, kuzungumza juu ya kuwatafuta wazee wetu katika makaratasi. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa, karibu yote kama yalivyotoka kinywani.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na watoto wangu, nashukuru kwa kuja.

Iko methali ambayo sote tuliandikiwa ubaoni tukiwa shule ya msingi: Mwacha asili ni mtumwa. Tulitungiwa insha juu yake, tukapata alama. Mimi ilikuwa ikinichoma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipokwenda kumwuliza nyanya, mamake baba, asili yetu ni ipi. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinua uso. Alisema, "Sisi ni watu wa misheni," akaendelea kukuna. Sikuuliza tena. Nilifahamu kwamba pale pana mlango, na kwamba mwenye ufunguo hataki kuufungua.

Methali ile inamsema aliyeacha. Wazee wetu hawakuiacha asili. Msichana wa miaka minane aliyenyakuliwa kisimani, akatembezwa hadi Kilwa, akatiwa jahazini chini ya watu wengine, yeye ameacha nini? Alinyang'anywa. Kama mna jambo moja la kwenda nalo nyumbani usiku wa leo, nendeni na hilo, kwa sababu bila hilo hamtaweza kuifungua rejista yoyote. Aibu huyafumba macho. Nimewaona watu wakifika mbele ya jina la babu yao wenyewe, wakageuza ukurasa kwa sababu pembeni yake pameandikwa "mtumwa aliyeachwa huru". Walikuwa wakitafuta babu mwingine, aliye bora. Yule aliyekuwepo wakamwacha pale pale.

Sasa nianze na ardhi hii tuliyokalia.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Sir Bartle Frere alitumwa kutoka Uingereza mapema mwaka ule akaja kumshawishi, ikashindikana, akarudi zake. Balozi John Kirk ndiye aliyeukamilisha, na manowari zikiwa zimetajwa katika mazungumzo. Soko la Mkunazini likafungwa, na mahali pale pale wamisheni wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa. Lakini mkataba haukuvunja majahazi. Biashara iliendelea kwa kificho, na manowari za Waingereza zikaendelea kuyakamata. Swali likawa: hawa waliotolewa majahazini wapelekwe wapi? Mwishoni mwa 1874 akaja Mchungaji William Salter Price wa Church Missionary Society, yaani CMS, na 1875 makazi haya yakaanzishwa, yakapewa jina la yule Frere: Frere Town. Mtaa unaitwa hivyo mpaka leo, na Kengeleni panaitwa Kengeleni kwa kengele ile mnayoipita kila siku mkienda kupanda matatu.

Waliokaa hapa na kule Rabai hawakuwa watu wa aina moja, na hili ndilo linalowapoteza watafutaji wengi. Walikuwepo waliotoka Bara Hindi: Waafrika waliokuwa wametolewa majahazini miaka ya nyuma, wakapelekwa Bombay, wakalelewa Nashik, wakafundishwa kusoma na ufundi, kisha wakarudishwa pwani hii. Walikuwepo mateka, ndio walioshushwa moja kwa moja kutoka manowari. Na walikuwepo watoro, waliokimbia mashamba ya mabwana wao hapa hapa pwani wakajificha Rabai, na wengine kule Fuladoyo. Mbombay, mateka, mtoro: wote leo ni "watu wa misheni", tumeoana, tumechanganyika, hatuulizani. Ila makaratasi yao hayakuchanganyika. Ukimtafuta mtoro katika orodha za manowari utazeeka.

Nami nimejifunza jambo moja, tena kwa taabu: hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa kwa ajili yetu. Kila aliyeandika jina la mzee wako alikuwa na haja yake. Jua haja ile ilikuwa nini, utajua jina limewekwa wapi.

Manowari, kwa mfano. Kwa nini nahodha wa Kiingereza ajisumbue kuhesabu watu na kuandika idadi ya wanaume, wanawake na watoto? Kwa sababu serikali yake ilimlipa yeye na mabaharia wake bahashishi kwa kila mtu aliyemkomboa, paundi 5 kwa kichwa, au kwa ukubwa wa jahazi pale hesabu ya tani ilipolipa zaidi. Ndiyo maana majahazi yaliyokamatwa yalipimwa urefu na upana kabla ya kuchomwa moto. Fedha zilikwenda kwa mabaharia, na ili zilipwe, kesi ilipelekwa mbele ya mahakama ya balozi Zanzibar, au Aden, au kwingineko, na kesi ikaandikwa. Barua zake ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mafungu ya Wizara ya Mambo ya Nje yanayoanzwa kwa alama FO 84. Nimezisoma nyingi. Inauma kumkuta mtu wako akiwa ni sehemu ya hesabu ya fedha za mwingine, lakini naapa, bila uchu ule wa paundi 5 nusu ya watu wale wasingeandikwa kabisa.

Na si wote walioletwa huku. Visiwa vya Shelisheli vilipokea zaidi ya 2,000 miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870, nao waliandikwa majina, kabila, umri wa kukisia, na hata chale za usoni. Wengine walishushwa Aden, wengine Bombay. Kwa hiyo ukisikia wazee wakisema "walikuwa ndugu wawili, mmoja hakuonekana tena", usidhani lazima alikufa. Huenda alitiwa manowari nyingine.

Tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zinajulikana. Matthew Wellington. Wazee waliozaliwa kabla ya Vita vya Pili, wazazi wenu walimwona akitembea mitaa hii, maana alifariki Mombasa mwaka 1935, mzee sana. Jina alilopewa na wazazi wake ni Chengwimbe, naye alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akakombolewa baharini, akapelekwa Bombay na kutoka huko Nashik, na huko akabatizwa kwa jina hilo la Kiingereza. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nashik waliotumwa pamoja na wapagazi wengine kumfuata David Livingstone bara. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, yeye na wenzake kina Chuma, Susi na Jacob Wainwright ndio walioukausha mwili, wakaufunga magome ya mti na turubai, wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi mingi ya mguu.

Mtazameni sasa kama mtafutaji anavyomtazama. Mtu mmoja. Katika karatasi za Wayao hayumo, kwa sababu Wayao wa wakati ule hawakuandika. Baharini ni idadi tu. Nashik ni Matthew. Katika orodha ya msafara yumo kwa sababu analipwa mshahara. Mombasa ni mwenyeji wa misheni mwenye kazi na nyumba. Angekuwa si mmoja wa waliombeba Mzungu mashuhuri, nani angemwuliza, "Baba, kwenu ulikuwa ukiitwaje?" Chengwimbe tunalijua kwa sababu aliulizwa akiwa hai. Wengine mamia waliokaa naye kanisani, benchi moja, hakuna aliyewauliza.

Nije kwenye rejista ya kanisa, maana hapo ndipo wengi wenu mtaanzia, nami nina mengi ya kusema.

Rejista ya ubatizo ina safu. Tarehe. Jina la Kikristo. Jina la baba na la mama. Mahali wanapokaa. Kazi ya baba. Jina la mchungaji. Safu hizi zilipangwa Uingereza kwa ajili ya watoto wa Kiingereza, waliozaliwa kijijini kwao na baba yao yuko nje ya mlango anangoja. Ziletwe hapa, zijazwe habari za kijana aliyeshushwa kutoka jahazini hana baba wala mama. Mwandishi afanye nini? Aliandika mstari. Nimemkuta nyanya mkuu wetu, bibi wa nyanya yangu, yaani mimi ni kilembwe wake, nimemkuta hivyo. Jina la baba: mstari. Jina la mama: mstari. Kabila: Mnyasa. Umri: yapata kumi na nane.

Jina lake la ubatizo sitalitaja. Wazee wa ukoo hawajakubaliana wote kuhusu kusimulia habari hizi hadharani, na mimi si mkubwa wao. Nitamwita Nyanya Mkuu.

Siku ile nilipouona ule mstari nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kisha nilirudi, nikaanza kuusoma vizuri, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Mnyasa" maana yake nini? Msiichukue kama kabila. Pwani hii Mnyasa aliitwa yeyote aliyeletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, awe Mchewa, Mmang'anja au Mtumbuka. Mwandishi alimwuliza mkalimani, mkalimani akatoa jina analolijua yeye. Hata pale kabila lilipotajwa sawasawa, maandishi hayatulii. Wayao peke yao utawakuta kama Yao, Hiao, Waiyau, na katika vitabu vya Livingstone wa awali, Ajawa. Ukitafuta kwa herufi Y peke yake, umewapoteza nusu. Soma kwa sauti. Mzungu yule aliandika alichokisikia kwa sikio la Kiingereza, kwa hiyo tamka kile alichokiandika, na kama hakieleweki, mpelekee mzee asikie.

Na ile safu ya baba. Wayao, Wamakua, Wachewa, wote hawa mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye mtoto ni mjomba. Mwandishi alipouliza "baba yako nani?" aliuliza swali ambalo kwao halikuwa ndilo linalomtambulisha mtu. Angeuliza, "Mjomba wako nani? Mama yako wa ukoo gani?" labda yule msichana angalijibu bila kusita. Mara nyingi huwaza hivyo. Mstari ule nimeusoma miaka mingi kama dalili kwamba hakujua kwao. Sasa nausoma kama swali lililokosewa.

Majina nayo. Waliopita mikononi mwa bwana kabla ya kukombolewa walikuwa wamekwisha kubandikwa majina ya kitumwa: Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka, Songoro, Zafarani, Sikujua. Haya hayakusemi ulikotoka. Yanasema ulipita mikono ya nani. Baadaye likaja la ubatizo. Kwa hiyo mtu mmoja ana jina la kwao, la bwana, la kanisani, na la mtaani. Manne. Na majina ya kanisani yalikuwa machache, yakirudiwa rudiwa.

Hapo ndipo nilipoanguka, na ni lazima niseme, kwa sababu niliwaumiza watu. Kwa miaka miwili nilimfuata mwanamke asiye wetu. Jina la ubatizo lilikuwa lile lile, misheni ile ile, miaka inayokaribiana. Nilipata ndoa yake, nikawaandikia jamaa, nikachora ukoo mzima kwenye karatasi kubwa tukaitundika ukutani siku ya arobaini ya ami yangu. Shangazi alilia kwa furaha. Mwaka uliofuata, nikitafuta jambo jingine, nilikuta rejista ya maziko. Yule niliyemfuata alifariki hana mtoto. Nilirudi kwa shangazi nikaishusha karatasi kwa mikono yangu. Hakunilaumu, lakini tangu siku ile hakutaka tena kusikiliza, naye amefariki kabla sijampata wa kweli. Kwa hiyo ninapowaambia msiunganishe watu wawili kwa jina peke yake, sisemi kama mwalimu. Tafuteni kitu cha pili na cha tatu: mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, nyumba waliyokaa. Wasimamizi hasa. Watu waliotoka jahazi moja walisimamiana maisha yao yote, wakabatiziana watoto, wakazikana. Hawakuwa na ndugu, wakafanyana ndugu. Ukimpoteza mzee wako, mfuate msimamizi wake, atakurudisha.

Sasa watoro, na hapa naomba tuvumiliane, maana najua humu ndani wamo wa pande zote.

Mwaka 1888 mabwana wa mashamba waliichukia misheni ya Rabai kwa kuwahifadhi watumwa wao, na nusura pazuke vita. Aliyeituliza ni George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company. Aliwalipa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha ile walipewa mabwana. Zanzibar, amri ya 6 Aprili 1897, vivyo hivyo: fidia ilikwenda kwa bwana. Pwani yetu, hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria 1907, vivyo hivyo tena. Aliyelima bure miaka thelathini hakupewa hata pesa moja.

Kwa mtafutaji hili lina maana yake. Anayedai fidia ndiye anayeandikwa kwanza. Karatasi zimepangwa kwa jina la bwana. Mtumwa yuko chini yake, jina moja tu, labda na kazi yake na shamba. Mzee wako hutampata mpaka ujue alikuwa wa nani. Na nani anajua alikuwa wa nani? Mara nyingi ni jirani yako, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa bwana, naye ana hati za shamba zimekunjwa sandukuni, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na za Kadhi juu yake.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa namna hiyo, kwa habari za upande wa mama. Nilimpigia hodi nikiwa natetemeka. Tulikaa barazani, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za mvua. Siku ya tatu akasema, "Najua unalotafuta. Nimengoja mtu aje aniulize tangu baba yangu afe." Akaingia ndani akatoka na bahasha. Tuliisoma pamoja, yeye akinisomea kwa sababu mimi herufi zile zinanishinda. Alipofika kwenye orodha ya watu sauti yake ilikatika. Sikumwomba chochote kingine, naye hakuniomba msamaha, wala sikwenda kwa ajili hiyo. Tulimaliza karatasi. Alinipa ruhusa kuipiga picha.

Vijana mtakaosoma hati hizo, angalieni tarehe. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama kumi na moja, huwezi kupunguza miaka fulani tu ukapata jibu. Mwaka 1315, kwa mfano, ulianza Juni 1897. Na siku ya Waswahili huanza jua linapotua: usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Tofauti ya siku moja inatosha kukufanya udhani hati mbili zinasema habari za matukio mawili.

Kwa walio na jamaa ng'ambo ya mpaka, Tanga, Pangani, Bagamoyo, nitasema kwa kifupi. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu, na kumbukumbu za serikali yao ziko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nyingi kwa mwandiko wa Kijerumani wa kizamani unaohitaji mtu aliyeuzoea. Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakakomboa watoto na kuwajengea kijiji. Nyaraka za shirika lao ziko Ufaransa. Za CMS, yaani zetu, ziko chuo kikuu cha Birmingham. Za wamisheni wa Zanzibar na Masasi ziko Oxford. Zanzibar wanazo orodha za walioachwa huru, nyingine ni za miaka ya 1860, za Balozi Rigby, aliyewaacha huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza: jina, umri, kabila, bwana. Ukienda Nyaraka za Kilimani, nenda na muda. Wahudumu wale wamebeba mzigo mkubwa, usiwafokee.

Wanaume watakusaidia kwa karne ya ishirini, maana walitozwa kodi ya nyumba, wakapewa kipande chenye alama za vidole, wakaandikwa reli na bandarini na katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza. Wanawake hawana hayo. Mwanamke akishaolewa anazama. Anaibuka tena akizaa, akisimamia ubatizo wa mtoto wa mwenziwe, akizikwa. Ndiyo maana Nyanya Mkuu alinichukua miaka yote hii.

Nilimpata kupitia watoto wake. Alibatiza wanne. Watatu wana majina mawili, yote ya Biblia. Binti wa kwanza ana la Biblia, na la pili si la Biblia, si la Kiingereza, wala si la Kiswahili. Mwandishi aliliandika kwa kubahatisha, akafuta, akaandika tena. Nililisoma mara nyingi kabla ya kulitamka kwa sauti, na nilipolitamka nywele zilinisimama. Ni jina la nyumbani la nyanya yangu, yule wa nazi. Hatukumwita kwa jina jingine maisha yetu yote. Sisi tulidhani ni la utani, la kitoto, halina maana. Kumbe alilirithi kwa mama yake, na mama yake alipewa na Nyanya Mkuu, mbele ya mchungaji, katika kitabu.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la nani? Hamna haja ya kujibu. Siwezi kuthibitisha kwamba lile ni jina la mama yake aliyeachwa huko Nyasa. Sina karatasi, na sitaitundika ukutani. Nimelipeleka kwa watu watatu wa pande za ziwa, wawili wamenijibu kwamba kwao majina ya sauti ile yapo. Naendelea kuuliza. Lakini kila nikifungua picha ya ule ukurasa wa kwanza, wenye mstari katika safu ya mama, nalisikia jina lile.

Na nyanya yangu alilelewa na Nyanya Mkuu. Alikula naye, alilala naye kitanda kimoja akiwa mtoto. Angaliweza kunieleza yote. Sikumwuliza mara ya pili, kwa adabu na kwa woga, naye alifariki nikiwa kidato cha tatu.

Kwa hiyo kabla hamjaenda Nairobi kwenye Nyaraka za Taifa, kabla hamjamlipa mtu wa Ulaya awatazamie makabrasha, tazameni kurasa za mbele za Biblia ya nyumbani, zile alizoandika babu kwa penseli. Tazameni vyeti vya ubatizo vilivyokunjwa ndani ya soksi. Nendeni makaburini na brashi laini, msikwangue. Na mketi na wazee. Msiwaulize "asili yetu ni wapi", swali hilo ni zito, litafunga mlango kama lilivyofunga kwangu. Ulizeni vitu vidogo. Nani alimzika nani. Mtoto wa fulani alilelewa na nani. Kwa nini mwaka fulani fulani aliacha kuja kwetu Krismasi. Ulizeni wanawake kwanza, ndio waliokaa na wagonjwa usiku kucha, na usiku wa ugonjwa watu husema.

Mkirekodi kwa simu, ombeni ruhusa. Mkikatazwa, kubalini, mkarudi siku nyingine na sukari.

Nimeleta daftari, liko pale mezani, na binti yangu yuko tayari na kalamu. Hakuna haraka, chai itakuja. Mama yangu uliyeketi karibu na mlango, wewe ndiwe mkubwa wetu humu, na kwa heshima yako naomba tuanze nawe. Mama yako mzazi, kanisani twajua aliitwa nani. Nyumbani mlikuwa mkimwitaje?